Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mafunzo ya Polisi: "anasaidia polisi uchunguzi" si hali ya mtu

Mheshimiwa Mkuu wa Mafunzo,

Baada ya salamu, tunaomba maneno matatu yafutwe katika daftari la kituo: "anasaidia polisi uchunguzi". Mtu akishaandikwa hivyo, hajulikani ni nani. Si shahidi, maana shahidi akitaka kwenda nyumbani huenda. Wala hakukamatwa, maana hakuna saa ya kukamatwa iliyoandikwa. Pasipo na saa hiyo, muda wa kumfikisha mahakamani hauanzi kuhesabiwa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha kumsafirisha mtu na kujiandaa kumpeleka mbele ya hakimu. Sheria za nchi kadhaa zinataka 24.

Ndiyo maana tunapendekeza somo la istilahi lifundishwe kabla ya gwaride. Kuruta ajue kwamba kumsimamisha mtu ni kumuuliza maswali mafupi papo hapo, kwa sababu inayoelezeka, kisha kumwachia. Kumkamata huanza pale mtu anapokuwa hana tena uhuru wa kuondoka, hata kama pingu hazijatoka kiunoni na hakuna aliyetamka "uko chini ya ulinzi". Mshukiwa huitwa mshtakiwa akishafunguliwa mashtaka, na mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa kifungo. Askari anayemwita mahabusu "mfungwa" amekwisha kumhukumu kwa ulimi, na mkono haukawii kufuata.

Mafunzo yetu yamelegea zaidi kwenye daftari lenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1988 kuhusu watu walio kizuizini zinataka iandikwe sababu ya kukamatwa, saa ya kukamatwa, saa ya kupelekwa kizuizini, saa ya kufikishwa mara ya kwanza kwa hakimu, majina ya maafisa wahusika na mahali mtu alipowekwa. Kosa la kawaida ni kujaza hayo yote mwisho wa zamu, kwa kumbukumbu. Utalitambua kwa saa zake: kila kitu kimetokea saa 2:00 kamili au saa 2:30 kamili. Wakili makini hahitaji zaidi ya hapo. Kosa la pili ni kuacha mistari mitupu "ya akiba" ambayo baadaye huingizwa tukio la nyuma. Mstari mtupu ukatwe kwa kalamu hapo hapo, na marekebisho yawekewe saini bila kufuta maandishi ya awali. Wakati wa kukabidhiana zamu, anayeingia awahesabu mahabusu kwa macho, awaulize majina na kama kuna mgonjwa, ndipo atie saini. Kunakili idadi ya zamu iliyotoka si kukabidhiana.

Kuhusu ngazi za amri, kuruta hukariri vyeo kutoka konstebo hadi juu kabisa, lakini wengi hawatofautishi cheo na wadhifa. Kwenye tukio, anayeongoza ni aliyepewa uongozi wa tukio hilo, hata kama amefika mwenye nyota nyingi zaidi. Huyo mkubwa akitaka kuongoza, atamke kwamba anapokea uongozi na saa iandikwe. La sivyo kikosi hupokea amri mbili, na kila mkubwa baadaye husema aliyeamuru ni mwenzake. Kiongozi mmoja asisimamie moja kwa moja zaidi ya watu 7. 5 ndiyo idadi nzuri.

Amri haramu nayo ifundishwe waziwazi. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto hazimlindi askari aliyetii amri iliyosababisha kifo au jeraha kubwa huku akijua wazi kuwa ni haramu na alikuwa na nafasi ya kukataa. Aliyeitoa naye anawajibika. Mkubwa aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba walio chini yake wanatumia nguvu kinyume cha sheria asiwazuie, hawezi kunawa mikono.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hulichanganya ni ulazima na uwiano. Mwizi wa simu anakimbia na askari ameachwa nyuma. Tuseme risasi ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumsimamisha; ulazima umetimia, uwiano haupo. Simu hailingani na uhai. Hapo mtu anaachwa aende, atafutwe kesho, na askari asichekwe kituoni kwa kumwacha. (Kicheko hicho kina madhara kuliko mnavyodhani.)

Tunaomba mtihani wa kuhitimu uwe na ukurasa mmoja wa daftari uliojazwa vibaya kwa makusudi. Kuruta aupitie kwa dakika 30, ataje kila kosa na aeleze limemnyima nani haki gani. Atakayeshindwa arudie somo kabla ya kukabidhiwa funguo za mahabusu.

Wako katika kazi,
Wakufunzi wa sheria na taratibu za polisi