Ulizeni kwanza komeo la mlango

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua fupi ya binti aliyemaliza masomo ya afya ya jamii, akiuliza mtu aanzie wapi akitaka kutetea usalama na afya ya wafanyakazi wa ngono kazini mwao. Wasomaji waliomjibu walimpa njia mbili: agawe kondomu, au awatoe wanawake hao katika kazi hiyo. Mimi nilianza utetezi huu mwaka juzi, na nilianza vibaya, kwa hiyo naomba nafasi nimweleze nilipojikwaa.

Nilishona nguo kwa miaka 11 katika kiwanda kimoja hapa Mombasa, na sita kati ya hiyo nilikuwa mjumbe wa kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati kama ile. Huko nilifundishwa kwamba barakoa ni kinga ya mwisho. Vumbi la vitambaa likijaa ukumbini, kwanza unauliza kama linaweza kuondolewa kabisa. Halafu unatazama madirisha, feni za kuvuta hewa, urefu wa zamu. Hayo yote yakishafanywa ndipo mtu anapewa barakoa. Mwajiri anayeanza na barakoa na kuishia hapo amemtwika mfanyakazi hatari yote, kisha akiugua anamuuliza mbona hakuivaa vizuri.

Nikienda Magongo na Mtwapa wanakofanya kazi wanawake hawa, ninachokiona ni barakoa tu, yaani kondomu. Kondomu zinaokoa maisha, na siku zikikosekana ni balaa, sibishani na hilo. Lakini tangu miaka ya 1980, watafiti walipoanza kuwafuatilia wanawake wanaouza ngono mtaa wa Majengo kule Nairobi, karibu kila anayewaendea wafanyakazi wa ngono huwaendea kwa sababu ya virusi vya Ukimwi. Mgongo wa mwanamke mwenyewe, usingizi wake, koo lake lililokabwa usiku wa jana, hayo hayana fomu ya kujazwa.

Nami nilikwenda vivyo hivyo. Mkutano wangu wa kwanza niliuitisha saa tatu asubuhi, watu waliofanya kazi hadi alfajiri wakiwa hawajalala hata saa tatu. Walikuja wanane. Nilikuwa na katoni ya kondomu na daftari la mambo ya kufundisha, nao wakanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha mmoja wao akasema, "Mama, hayo tunayajua. Umeshauliza mlango wa chumba unafungwa vipi?"

Sikuwa nimeuliza. Akanieleza kwamba katika lojing'i wanayoitumia, komeo la ndani liling'oka na halikurudishwa. Ufunguo hukaa na mteja kwa kuwa ndiye aliyelipia chumba. Ngazini hakuna taa. Mteja akivua mpira katikati ya shughuli, au rafiki zake wakiingia ghafla, mwanamke hana pa kutokea, na mhudumu wa chini hasikii kitu kwa muziki wa baa. Nilikuwa nimekagua milango ya dharura ya kiwanda kwa miaka sita, na swali hilo halikunijia.

Tangu siku hiyo nikawa ninauliza na kuandika. Walio kwenye baa wanalazimika kunywa kila anachonunua mteja, kwa sababu mauzo ya kaunta ndiyo yanayowaweka pale, na aliyelewa hawezi kupima hatari. Kuna kinywaji kinachotiwa dawa. Wapo wanaoziba hedhi kwa pamba ndani ili wasipoteze siku za kazi, na pamba ikikwama wanaona haya kwenda hospitali. Kuna mafuta ya kujipaka yanayotumiwa badala ya jeli ya kulainisha, yanayoudhoofisha mpira hadi ukapasuka. Wengi hujiosha ndani kwa sabuni baada ya kila mteja wakiamini ni usafi, ilhali utafiti wa miaka 10 uliofanywa hapa hapa Mombasa na kuchapishwa 2006 uliona kuwa wanaojiosha hivyo wako katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa HIV. Hili la sabuni lilikuwa jambo pekee katika daftari langu lililowafaa, na sikulifikia siku ile kwa sababu nilikuwa nimelipanga mwisho.

Niliandika pia kinga walizojitengenezea wenyewe, na hizi ndizo ningependa binti yetu azitafute kabla ya kuleta zake. Pesa hupokewa kabla mlango haujafungwa. Mwenzako anajua namba ya chumba, na dakika walizopatana zikipita anapiga simu. Ukijibu kwa neno fulani mliloafikiana, anapanda ngazi na mhudumu. Namba za magari ya wateja wakatili zinazungushwa kwenye simu usiku uleule. Hiyo ni kamati ya usalama kamili, ila haina karatasi wala mwenyekiti.

Tatizo ni kwamba sheria inaivuruga. Kanuni ya Adhabu haisemi kwamba mtu mzima kuuza ngono kwa hiari ni kosa. Inaadhibu kuishi kwa mapato ya ukahaba na kuendesha danguro. Wanawake watatu wakikodi nyumba yenye komeo zima na taa ili mmoja alinde mlango wa mwenzake, nyumba hiyo inaweza kuitwa danguro, na mlinzi akashtakiwa kwa kula jasho la wenziwe. Kwa hiyo kila mmoja anakwenda peke yake, gizani, akiwakwepa askari wa kaunti. Na kuna mahali polisi wamezichukua kondomu za mkobani kuwa ushahidi. Hata barakoa yenyewe ikageuzwa kosa.

New Zealand ilibadili sheria yake 2003. Mwaka uliofuata idara yao ya kazi ikatoa mwongozo wa usalama na afya kwa ajili ya kazi ya ngono, kama ilivyo kwa kazi nyingine. Kule watu hadi wanne wanaruhusiwa kufanya kazi pamoja nyumbani bila leseni, kila mmoja akishika mapato yake, na mtu anaweza kukataa wakati wowote hata akiwa ameshalipwa. Mwaka 2014 mwanamke mmoja alishinda kesi dhidi ya mwenye danguro aliyemsumbua kwa maneno ya kingono, akapewa fidia ya dola 25,000 za nchi hiyo. Ubelgiji nayo, tangu Desemba 2024, inamtaka mwajiri aweke kitufe cha dharura ndani ya chumba. Sheria yetu ya 2007 inasema mfanyakazi asilazimishwe kurudi penye hatari kubwa hadi hatari iondolewe. Nilipowasomea wenzangu sehemu hiyo walinyamaza, kisha mmoja akaomba niisome tena polepole.

Wapo watakaosema naihalalisha dhambi. Mimi ni Mwislamu, nasali, na nina mabinti. Katika kamati yetu hakuna aliyewahi kuniuliza kama naipenda nguo tunayoishona kabla sijapigania mkono wa aliyeishona. Mfanyakazi wa kiwanda cha sigara anastahili hewa safi, nami sivuti sigara. Mtoto wa chini ya miaka 18, au mtu aliyeletwa kwa hila na kufungiwa, huyo si suala la usalama kazini. Huyo ni wa kuokolewa mara moja, na wanawake hawa ndio waliowahi kunionyesha alipo mmoja.

Kuna usiku nilimsindikiza mwenzetu aliyebakwa. Dawa za kuzuia HIV baada ya tukio kama hilo lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Katika kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, aliyekuwa mezani alitaka kujua mtu wa kazi ile anabakwaje. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuwa ushahidi, tuliipata siku ya pili, na hospitalini tukakuta hatukuhitaji kuisubiri ili aanze dawa. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Ndiyo maana sasa kila mmoja wetu ana karatasi ndogo mkobani: nenda hospitali kwanza, polisi baadaye, usioge, hifadhi nguo. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, vituo kadhaa vilivyowapokea wafanyakazi wa ngono bila kuwadhalilisha vilifungwa, na karatasi ile ikawa na kazi zaidi.

Kwako binti: nenda alasiri, wameamka na hawajaanza kujipamba. Nenda mikono mitupu. Omba uonyeshwe mahali pa kazi, upande ngazi zile mwenyewe, ushike mlango. Kisha waulize wangependa kipi kitengenezwe kwanza. Kwetu ilikuwa komeo. Tulimwendea mwenye lojing'i tukiwa sita, naye alikubali tulipomwonyesha kuwa vurugu za vyumbani zinamvunjia vitanda na kumfukuzia wateja. Komeo 14 na taa mbili za ngazini, fundi alimaliza kwa siku moja. Ufunguo wa akiba sasa unakaa kwa mhudumu. Hatujapata lojing'i ya pili inayokubali, tunaendelea kuzungumza.

Na kwako Mhariri, nina ombi moja. Askari wanapofanya msako, gazeti lako huchapisha picha za wanawake waliokamatwa wakijifunika nyuso kwa viganja. Mmoja wetu alitambuliwa kwa kanga yake, na mwenye nyumba akamtoa na watoto wiki hiyohiyo. Tafadhali acheni kuzichapisha.

Aliyekuwa mjumbe wa kamati ya usalama kazini,
Changamwe, Mombasa