Picha za anga la usiku zichapishwe pamoja na namba zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nizungumzie picha za anga la usiku tunazoziona magazetini. Picha hupewa nafasi kubwa, Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu) imetanda kutoka upeo mmoja hadi mwingine, na chini yake panaandikwa jina la mpiga picha na mahali, basi. Msomaji haambiwi shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga) ilikaa wazi sekunde ngapi, lenzi ilikuwa ya milimita ngapi, wala kama anachokitazama ni picha moja au ni picha sitini zilizounganishwa. Matokeo yake, mmoja anatoka nje na kamera, anabonyeza, anapata giza tupu na kuamini kuwa kazi hii si ya watu kama yeye. Mwingine anakimbilia kununua darubini. Wote wawili wangeokolewa na mstari mmoja wa maelezo.

Nianze na huyu wa darubini, maana hasara yake ni ya fedha. Kwa sababu dunia inajizungusha, nyota huonekana kusogea digrii 15 kila saa. Chukua kamera ambayo pikseli yake ina upana wa mikromita 4, uifunge kwenye darubini yenye urefu wa fokasi (milimita zikiwa nyingi, inavuta karibu zaidi) wa milimita 1,000: nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, itavuka pikseli 18 kwa sekunde moja tu. Kwa lenzi ya milimita 24, nyota hiyohiyo inahitaji sekunde mbili na zaidi kuvuka pikseli moja. Ndiyo maana darubini haifai kupigia nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi mpaka iwe juu ya stendi ya ikweta yenye mota, yaani inayozunguka kuzifuata nyota, iliyolengwa vizuri kwenye ncha ya anga, pale ambapo anga huonekana kuzungukia, na stendi hiyo mara nyingi ni ghali kuliko darubini yenyewe. Katoni iliyoandikwa "inakuza mara 525" isimdanganye mtu. Ukuzaji wenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo cha darubini kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 70 inaishia kwenye mara 140. Ukizidisha hapo unapata ukungu mkubwa zaidi.

Picha nyingi za Njia Nyeupe zinazochapishwa hupigwa kwa kamera yenye mpangilio wa M (unaochagua kila kitu mwenyewe), lenzi pana ya milimita 14 hadi 24 ambayo tundu lake hufunguka mpaka f/2.8 au zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), na stendi imara ya miguu mitatu. Hata simu yenye hali ya usiku, ikiwekwa juu ya stendi na kupewa taima, hufungua kwa sekunde kadhaa na kutoa nyota. Swali la kwanza basi ni muda.

Kanuni inayorudiwa kila mahali ni ile ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi, upate sekunde. Lenzi ya milimita 24 inakupa sekunde 20 hivi. Kama sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu kamili (upana wa milimita 36), zidisha kwanza urefu wa fokasi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, na sekunde zinashuka hadi 14. Kanuni hii ilitosha enzi za filamu. Kwa sensa za leo zenye pikseli ndogo, ndani ya hizo sekunde 20 nyota imeshavuka pikseli 8 au 9, na ukiikuza picha unaona vijiti badala ya nukta. Hesabu bora ni hii: namba ya tundu la lenzi zidisha kwa 35, upana wa pikseli kwa mikromita zidisha kwa 30, jumlisha, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Kwa f/2.8, pikseli ya mikromita 4 na lenzi ya milimita 24, unapata 98 na 120, jumla 218, ukigawanya ni sekunde 9. Upana wa pikseli unajulikana kwa kugawanya upana wa sensa kwa idadi ya pikseli za upande huo: sensa ya milimita 36 yenye pikseli 6,000 ina pikseli ya mikromita 6. Nyota zilizo karibu na ncha ya anga husogea polepole zaidi, kwa hiyo ukielekeza kamera huko unaweza kuongeza muda.

Hata hivyo, kinachoharibu picha nyingi kuliko muda ni fokasi, na hapa naomba nikae kidogo. Fokasi ya otomatiki haina cha kushika gizani. Lenzi huenda mbele, hurudi, kisha inagoma. Wengi hugeukia alama ya ∞ kwenye pete ya lenzi na kuiamini. Lenzi nyingi zimetengenezwa ziweze kupita alama hiyo kidogo, ili kufidia kutanuka na kusinyaa kunakoletwa na joto, kwa hiyo ukizungusha pete mpaka mwisho umeshapitiliza. Weka swichi kwenye MF (fokasi ya mkono). Washa skrini ya nyuma, elekeza kamera kwenye nyota angavu kama Shira au sayari kama Mshtarii, iweke katikati, kisha kuza mara 10 kwa kitufe cha kukuza skrini, si kwa kuzungusha zumu. Sasa zungusha pete ya fokasi taratibu sana. Nyota itaanza kama duara pana lililofifia, itasinyaa mpaka iwe nukta, na nyota ndogo ambazo hazikuonekana zitachomoza pembeni yake. Ipite nukta hiyo kidogo, uione inavyotanuka tena, halafu rudi. Lenzi nyingi zenye tundu pana huacha ukingo wa zambarau upande mmoja wa fokasi na wa kijani upande wa pili. Rangi zote mbili zikififia, umefika. Bandika kipande cha utepe kuizuia pete isihame, bila kuisukuma. Piga picha ya majaribio, ikuze, tazama katikati na kwenye pembe zote nne. Rudia ukaguzi kila baada ya saa moja hivi, kwa sababu lenzi ikipoa fokasi inahama.

Kwa lenzi ndefu, kuanzia milimita 135 hivi, barakoa ya Bahtinov inaondoa ubishi wote. Ni kadi ngumu au plastiki yenye mipasuo ya pande tatu inayowekwa mbele ya lenzi. Nyota angavu hutoa miale mitatu. Ule wa kati ukikaa sawasawa katikati ya miwili iliyopishana, fokasi imekaa. Kisha itoe kabla ya kuanza kupiga.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Hifadhi faili kwa RAW (data ghafi ya kamera), maana JPEG, faili iliyobanwa, hutupa taarifa za vivuli ambazo ndimo Njia Nyeupe ilimo. Zima kituliza mtikisiko: kamera ikiwa juu ya stendi, chombo hicho huweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe. Tumia taima ya sekunde 2 au remoti ili kidole kisiitikise. Nguzo ya katikati ya stendi ibaki chini. Anza na ISO (kiwango ambacho kamera hukuza ishara ya mwanga iliyopokea) ya 1600 au 3200, kisha tazama histogramu, grafu ya mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia: kilele kiwe kimejitenga na ukuta wa kushoto, kikae kati ya robo na theluthi ya upana wake. Kikigusa ukuta, umepoteza kivuli ambacho hakuna programu itakayokirudisha. ISO haileti mwanga. Mwanga huletwa na tundu, muda na giza la mahali uliposimama. Na umande: kioo cha lenzi kinachotazama anga wazi hupoa kuliko hewa inayokizunguka, kikalowa, na nyota zikaanza kuvimba picha baada ya picha bila mtu kujua. Kukifuta kunaacha michirizi. Kofia ya lenzi husaidia kiasi, lakini dawa hasa ni mkanda wa joto unaotumia pawabenki.

Sasa tuje kwenye kuunganisha picha, jambo ambalo maelezo ya magazetini hulinyamazia kabisa. Picha moja ya sekunde 9 ina chenga nyingi, vile vidoa vya ovyo ovyo. Chenga hizo huanguka bila mpangilio, hazirudi mahali palepale, ilhali nyota na nebula zipo kila mara. Ukipiga picha nyingi mfululizo, ukazilinganisha nyota kwa nyota na kuchukua wastani, chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 zinakupa usafi mara 2, picha 16 mara 4, picha 64 mara 8. Angalia gharama inavyopanda: kutoka 16 hadi 64 umepiga picha 48 zaidi ili upate usafi mara mbili tu. DeepSkyStacker, Siril na Sequator ni programu za bure zinazofanya kazi hii. Sequator hupendwa pale ardhi ilipo ndani ya fremu, kwa kuwa huitenganisha na anga.

Pamoja na hizo, piga picha 15 hadi 20 za giza: kifuniko kikiwa kwenye lenzi, ISO ileile, sekunde zilezile, na usiku uleule kamera ikiwa na joto lilelile. Hizo huonyesha pikseli zinazowaka zenyewe, ili programu izitoe. Picha za mwanga sawa, zinazopigwa kwenye uso mweupe ulioangazwa sawasawa bila kugusa fokasi wala tundu, husahihisha weusi wa pembeni na madoa ya vumbi. Anayeruka picha hizi huja kuona duara la giza likijitokeza anapoivuta rangi, akadhani lenzi yake mbovu. Kipengele cha kamera cha kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu kizimwe, kwa sababu baada ya kila picha hupiga nyingine ya giza na kula nusu ya usiku wako; kwa mtu anayepiga mistari ya nyota, huacha mapengo yasiyozibika.

Mwezi ni habari nyingine, na ndio unaohusu zaidi meza yako, Ndugu Mhariri. Mwezi ni mwamba unaopigwa na jua, kwa hiyo hupigwa karibu kama kitu cha mchana: f/11, ISO 100, sekunde 1/100. Kamera ikiachiwa otomatiki hupima anga jeusi, ikafungua muda mrefu, ukatoka mduara mweupe usio na kitu. Usingoje uwe mpevu. Mwezi ukiwa nusu, vivuli kwenye mpaka wa mwanga na giza ndivyo vinavyoonyesha kina cha mashimo.

Upana wa mwezi angani ni nusu digrii tu. Kwenye sensa, ukubwa wake ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa 110: lenzi ya milimita 24 inautoa kwa upana wa milimita 0.2, ya milimita 600 kwa milimita 5.5. Hapo ndipo pa kuzitambua picha za mwezi mkubwa mno. Jengo la mita 50 linaloonekana kuwa na kimo sawa na upana wa mwezi lazima lipigwe kutoka kilomita 5.5. Picha ikionyesha mtaa mpana uliopigwa kwa karibu, na juu yake mwezi wenye ukubwa wa ghorofa kumi, huo mwezi umebandikwa. Nyota ikionekana ndani ya sehemu yenye giza ya mwezi mwandamo, picha hiyo pia ni ya kubandika, kwa sababu hakuna nyota iliyo mbele ya mwezi. Njia Nyeupe iliyokolea ikiwa pamoja na mwezi mpevu ndani ya fremu moja nayo iulizwe, maana mwanga wa mwezi mpevu huifuta. Wapiga picha hungoja siku za mwezi mchanga, na hungoja jua lishuke digrii 18 chini ya upeo ndipo anga liwe giza kamili.

Kuunganisha picha si dosari. Kupiga ardhi peke yake kwa dakika mbili na anga peke yake kwa picha 64 ni kazi halali yenye ustadi mkubwa, ilimradi isemwe. Kubandika mwezi wa lenzi ya 600 juu ya mtaa wa lenzi ya 24 kunaweza kuwa sanaa nzuri, lakini gazeti likiichapisha kama habari limempotosha msomaji, na anayejifunza atahangaika miezi akitafuta mwezi ambao haupo.

Ninachoomba basi ni mstari mmoja chini ya kila picha ya namna hii, kwa mfano: "Lenzi mm 24, f/2.8, ISO 3200, picha 64 za sekunde 10 zimeunganishwa. Ardhi ilipigwa peke yake kwa sekunde 120." Mpiga picha asiombwe kukumbuka kwa kichwa. Faili la RAW huandika lenyewe muda, tundu, ISO na mara nyingi urefu wa fokasi, pamoja na tarehe na saa. Mwombeni alitume pamoja na picha iliyokamilika, na dawati lenu la picha liyalinganishe yote mawili kabla ya kuchapa.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mpiga picha wa anga la usiku