Tafadhali usilirushe lile tangazo

Salma mwenzangu,

Salaam nyingi. Hamjambo hapo nyumbani? Mama anaendeleaje na goti? Sisi wazima. Nimekaa kimya mno, najua, niwie radhi. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya lile tangazo la kuichangishia kampuni yenu kwenye blogu yako, uliloniletea nisahihishe lugha. Nimelisoma jana usiku na usingizi ukaniruka.

Ni ule mstari wa nne: "Changia dola 100, upate sehemu ya faida kila mwaka." Salma, usiuchapishe huo. Nimeona ulivyolikwepa neno hisa, lakini kulikwepa hakukusaidii. Unaikumbuka kesi ya Howey, Florida, mwaka 1946? Kampuni ilikuwa na mashamba ya michungwa, ikawauzia watu vipande, wengi wao wageni wa hoteli, pamoja na mkataba kwamba yenyewe itapalilia, itachuma na itauza, mnunuzi angoje tu fungu lake. Ikajitetea kwamba inauza ardhi. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa: mtu akitoa fedha kwenye shughuli ya pamoja huku akitarajia faida ya jasho la wengine, huo ni uwekezaji, na sheria ya uwekezaji inaufuata. Sasa usome tena mstari wako. Ni michungwa ileile.

Na ninyi kampuni mmeisajili Delaware, Marekani, na wasomaji wako karibu wote wako Marekani hukohuko. Mlango upo, sikukatazi kuchangisha. Sheria ya JOBS ya 2012 ndiyo iliyoufungua, na siku hizi kampuni ndogo inaweza kukusanya hadi dola milioni 5 kwa miezi 12 kutoka kwa watu wa kawaida. Ila ni kupitia jukwaa lililosajiliwa, na fomu iwe imeshafika SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na mitaji. Si kwa kitufe cha malipo kwenye blogu yako! Ukikosea, waliotoa wana haki ya kudai chao kirudi, nacho kitakuwa kimeshaishia kwenye seva na mishahara. Hilo linaniumiza kuliko faini. Watakaotoa kwanza ni wanaokuamini, akina Bi Rehema.

Kuwauzia bidhaa kabla haijakamilika ni jambo jingine. Atoe fedha, apate bidhaa, basi. Hapo nitakuunga mkono na mimi niwe wa kwanza kununua.

Halafu ile makala ya vipokea sauti. Ulipewa bure, na sijaona uliposema. Miongozo ya FTC, tume ya Marekani inayowalinda walaji, inawagusa wanablogu tangu 2009. Liseme juu kabisa, msomaji alione kabla ya sifa.

Lakini nirudi kwenye mstari wa nne, maana ndio unaonikosesha raha. Tangazo limeshapangiwa siku? Nani mwingine ameliona? Yule wakili wa Hamisi bado anapokea simu zenu? Na je, kuna aliyekwisha kukutumia fedha? Kama yupo, hata mmoja, nipigie leo kabla hujalala.

Wako,
Asha