Kabula, Kilimia kinatawanyika

Kayenze, Januari

Mwanangu Kabula,

Likizo ile, tumekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, uliniuliza kama Kilimia kitabaki hivyo hivyo siku zote. Nikakujibu haraka kwamba nyota hazihami. Nilikosea, na tangu uondoke jibu lile limenikaa rohoni.

Kilimia, ambacho bibi yako alikitazama kujua wakati wa kushika jembe, kina nyota zaidi ya 1,000. Zilizaliwa pamoja katika wingu moja la gesi, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Ni watoto bado. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Gesi iliyobaki ilipopeperushwa na nyota zenyewe, kundi likapungukiwa na uzito uliokuwa ukilibana, likatanuka.

Tangu hapo ni kuvutana. Nyota mbili zikipitana karibu, nzito humpa nyepesi sehemu ya mwendo wake. Basi nzito huzama katikati, nyepesi husogea pembeni, na moja moja hupata kasi ya kutosha, ikaenda zake.

Unazikumbuka taa za dagaa? Saa moja jioni boti zinatoka mwaloni zimesongamana, mwanga wa moja unamezwa na wa nyingine. Usiku wa manane ni mstari mrefu, taa na taa, kuelekea Ukerewe. Nyota nazo hujipanga mstari, ila kinachozivuta ni galaksi yetu: upande wa kundi ulio karibu na kitovu cha galaksi huvutwa zaidi kuliko wa mbali. Zinazotoroka hufanya mikia miwili, mmoja ukitangulia, mwingine ukifuata nyuma. Kundi la Hiadesi, jirani wa Kilimia lenye miaka kama milioni 650, mikia yake ilionekana mwaka 2019 kwa vipimo vya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya. Nilisoma habari hiyo mara tatu kwa furaha.

Jua nalo inaelekea lilizaliwa kundini. Ndugu zake wamesambaa, na kuwatambua leo ni kazi ngumu sana. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote, mama.

Sasa ni giza, hakuna mbalamwezi, boti zimeshatoka. Saa tatu hii Kilimia kiko juu ya ziwa, upande wa kaskazini. Toka nje huko chuoni ukihesabu. Mimi nimepata sita. Niandikie wewe umeona ngapi.

Baba yako