Kabla hujaling'oa jino

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na yule mama anayekusihi umng'oe jino ambalo wewe huoni kasoro yake nimemfikiria sana. Tafadhali usiling'oe kwanza.

Jino bovu halijifichi kwa muda mrefu. Ukiligusa kwa pamba yenye ubaridi, mgonjwa anashtuka, na maumivu yanabaki hata ukishaiondoa. Ukiligonga polepole kwa mpini wa kioo cha kukagulia meno, anakwambia ni hilo hilo. Kama umepima meno yote ya upande ule, ukapiga na eksirei, na hakuna hata moja linalojibu, weka vifaa chini ukague kinywa chote kwa taa, ukitafuta vidonda.

Vidonda vya virusi vya hepesi huanza kama malengelenge madogo yaliyosongamana, ambayo hupasuka upesi. Vikijirudia hupenda fizi na kaakaa gumu. Vile vidonda vingine vya kawaida, visivyo vya virusi, hukaa penye nyama laini: shavuni, ndani ya mdomo, chini ya ulimi. Mtoto akija na homa, fizi zote zimevimba na kuwa nyekundu, hataki kula, usihangaike kumtafutia jino bovu; huenda ni hepesi hiyo hiyo.

Kwa huyo mama, lakini, ninachokihofia ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hulala miaka mingi kwenye neva ya uso, na vikiamka maumivu huweza kutangulia malengelenge kwa siku kadhaa. Siku hizo mtu ataapa kuwa ni jino. Wako waliozibwa mizizi ya meno mazima kwa sababu hiyo! Muulize kama ngozi ya shavu inamchoma akiigusa, kisha umwone tena kesho. Malengelenge yakitoka, tazama kaakaa: yatakuwa upande mmoja tu, yameishia katikati kama yamepigiwa mstari. Dawa ya virusi ianze mapema, ndani ya saa 72 tangu yatokee. Antibiotiki haiui virusi. Yakipanda kuelekea jichoni au puani, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Na kidonda chochote kilichopitisha wiki 2 bila kupona, hata kisipouma, mpe mgonjwa rufaa.

Niandikie ukishamwona.

Wako akupendaye