Barua kwa Festo: ile pata na ile misindano

Mafinga, Julai

Ndugu yangu Festo,

Kamwene. Huku baridi imekaza, asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne. Mama anakusalimu sana, Bahati naye, na Mzee Chesko kaniagiza nikuambie anaendelea vizuri. Mguu bado unamsumbua ila anatembea, na hakubali kubebwa na bodaboda. Kwenu nilipita Jumapili baada ya misa, wote wazima. Paa la jikoni limeshaezekwa, hilo liondoe moyoni.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana kwenye simu wewe huongea haraka na mimi hukubali haraka. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unataka nikutafutie mnunuzi wa ile kona ya misindano kule Nyololo, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu shemeji yako anatoka Marekani mwezi ujao na anaweza kukuletea pata mpya ya gofu, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, aina ya Scotty Cameron, ile Newport 2 ya kufanana na ya Tiger Woods. Dola 400 na ushee. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa fimbo moja, Festo, na begi linaruhusiwa kubeba fimbo 14.

Sijaongea na mnunuzi yeyote. Miti ni yako, ukisema ikatwe itakatwa, lakini kwanza nisikilize mpaka mwisho.

Najua kilichokufikisha hapo. Ile habari ya uwanja wa gofu wa Lugalo ulivyonisimulia, umefika grini ya mwisho, pale penye nyasi fupi na shimo, unahitaji pati mbili tu, mikwaju miwili ya pata, ukapiga nne mbele ya watu, iliniuma kama vile ni mimi niliyekuwa nimesimama pale. Mtu akitoka hapo lazima aichukie fimbo yake. Na mambo ya Tiger ni kweli tupu: ile Newport 2 aliishika mwaka 1999, na kati ya mashindano makubwa 15 aliyoshinda, 14 alishinda nayo. Ukiliangalia hivyo, milioni moja inaonekana ndogo.

Ila lile umbo halikuanzia kwa Tiger. Mwaka 1966 Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyeanzisha Ping, alitoa pata aliyoiita Anser. Alichofanya ni kuupeleka uzito kwenye ncha mbili za kichwa, kisiginoni na kidoleni, ili ukiugonga mpira nje kidogo ya katikati kichwa kisigeuke sana. Ndiyo kazi yenyewe. Newport imetoka hapo, na pata nyingi nyembamba unazoziona kwenye mabegi ya watu zimetoka hapohapo, za bei kubwa na za bei ndogo. Hiyo uliyonayo sasa, unayotaka kuitupa, nayo imetoka hapo. Igeuze uitazame kwa nyuma, utaona uzito umekaa pembeni kushoto na kulia. Ule msaada alioutoa Solheim tayari unao mkononi.

Sasa ile tofauti ya pesa inanunua nini? Sitaki uone kama nadharau vitu vizuri. Mgeni mmoja aliyekuja kucheza huku aliniachia nipige na yake, na nakuambia ni kitu kizuri. Zile za ghali kichwa huchongwa kwa mashine kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, wakati nyingi za bei ya chini chuma humiminwa kwenye kalibu. Mlio wake ni laini, uso umenyooka, unajisikia umeshika kazi ya fundi anayejali. Kwa mtu mwenye pesa ya ziada mimi nitamwambia anunue na afurahi, tena aina hiyo hata ukija kuiuza haishuki thamani haraka. Lakini mpira hausikii mlio. Mpira unafuata uso wa pata ulikokuwa unatazama wakati wa kugonga, na uso huo unatazamishwa na mikono yako.

Piga hesabu hii hapo ulipo. Shimo lina upana wa milimita 108, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita tano na kitu. Uso wa pata ukiwa umepinda nyuzi moja tu, kwenye pati ya mita tatu mpira unatoka nje ya mstari kwa sentimita tano. Hapo unaponea ukingoni. Rudi nyuma mita moja, umeshakosa. Nyuzi moja hata jicho haliioni! Na hiyo nyuzi moja dola 400 haziinyooshi, kwa sababu haiko kwenye chuma.

Jambo jingine, huwa tunajihukumu vibaya sana kwenye grini. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Mark Broadie, amechambua mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, shimo kwa shimo. Alichokuta ni kwamba wale wakubwa wa dunia, kutoka futi nane, ambayo ni kama mita mbili na nusu, wanaingiza nusu tu. Nusu, Festo! Kutoka futi 20 wanaingiza kama 15 katika 100. Na katika kile kinachowatofautisha walio bora kabisa na wenzao, pati zinachangia kama asilimia 15 tu. Theluthi mbili inatoka kwenye mikwaju ya mbali, ile ya kuanzia na ile ya kuelekea grini. Wewe ukikosa mita mbili unalaani fimbo, wakati watu wanaolipwa mamilioni wanakosa hapohapo kila wiki na wanaendelea na mchezo.

Najua utanijibu nini. Utanikumbusha J.J. Spaun alivyoshinda mashindano ya US Open ya 2025 pale Oakmont, ile pati ya futi 64 kwenye shimo la 18, na pata yake ya L.A.B. Golf ambayo nayo si ya bei rahisi. Nakubali. Hao L.A.B. wamefikiria upya namna fimbo inavyokaa na kichwa, ili uso usijigeuze wenyewe wakati mkono unasafiri, na kuna watu imewasaidia kweli. Kama tatizo lako lingekuwa hilo, mimi ningekaa kimya. Lakini wewe hujaomba hiyo. Umeomba Newport, ambayo ni ndugu wa hiyo uliyonayo. Utakuwa umeuza miti kununua umbo lilelile.

Tatizo lako mimi nalijua, maana nimekutazama tangu tukiwa kedi, tukibeba mabegi ya mabwana wa chai. Unacheza na fimbo ndefu kuliko wewe. Zile za dukani nyingi ni inchi 34 au 35, na wewe unaishika chini kabisa ya mpini, karibu na chuma. Matokeo yake ncha ya kidoleni inanyanyuka kwenye nyasi na mpira unaugonga kisiginoni. Pata isiyolingana na mwili ni kama jembe lenye mpini wa mtu mwingine, utalima nalo lakini mgongo utakudai. Hiyo Scotty shemeji akiichukua dukani itakuja na inchi zake 34 au 35 vilevile, na utaishika chini vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kugusa miti. Mpe mtu mwenye rula akupime ukiwa umesimama unavyosimama kawaida, mikono ikining'inia yenyewe. Halafu fundi aikate fimbo, nadhani utaishia inchi 32 au 33, aweke mpini mpya. Ukishakata, kichwa kitaonekana chepesi. Bandika utepe wa risasi kwa nyuma, kidogokidogo, mpaka mkono ukubali. Kazi yote hiyo haifiki hata kona ya bei ya Scotty.

Kisha chukua uzi wa fundi mwashi, funga kwenye misumari miwili, uvute juu ya mpira kuelekea shimoni. Piga pati za mita moja chini ya uzi, uone uso unavyokaa. Chomeka na ti mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, moja kila upande wa kichwa, nafasi ikizidi kidogo tu upana wake, upitishe pata katikati bila kuzigusa. Ni kazi ya kuchosha, najua. Mzee Chesko anasema wewe ukiwa mdogo ulikuwa unazunguka kwanza upande wa bondeni wa grini kabla ya kupiga, uone mteremko unavyokuja, na siku hizi, tangu uhamie Dar, unasimama nyuma ya mpira mara moja na kupiga. Aliona alipokuja kutibiwa ule mwaka mkamtembeza Lugalo. Hakukuambia kwa sababu alikuwa mgeni wako.

Halafu ile pati ya kwanza. Uliniambia ulipiga nne, lakini hukuniambia ya kwanza ilisimama wapi. Nahisi ilipita mbali au ilifia njiani. Tatu na nne zinatoka hapo, kwenye nguvu, si kwenye mstari. Huku kwetu grini asubuhi ina umande, mpira unaenda polepole, umande ukikauka saa sita mpira unakimbia. Lazima upige nyingi za mbali kabla ya kuanza mchezo ujue leo zikoje. Hilo nalo hakuna anayekuuzia.

Sasa nirudi Nyololo, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Ile kona tuliipanda mwaka aliozaliwa mwanao Neema, na Neema sasa yuko darasa la tatu. Ukimwita mwenye ding-dong, ile mashine ya kupasulia mbao, leo atakuja mbio na atakulipa, sikatai. Lakini msindano wa umri huo mbao yake ni changa, ikikauka inapinda, na mingi hutoi humo ubao wa maana wa inchi mbili kwa sita. Mnunuzi anajua, ndiyo maana atakupa bei ya kutupa. Iache ifike miaka 18 au zaidi, shina moja litakupa mbao ambazo leo hata mashina kadhaa hayakupi. Nilipita pale wiki iliyopita kupogolea upande wangu. Yako imenyooka kuliko yangu, Festo. Nilisimama nikaitazama.

Unaogopa moto, na una haki, Agosti hiyo inakuja na watu wa kuandaa mashamba hawaogopi kiberiti. Kinga moto ya upande wa barabara nimeshaisafisha, ya upande wa bonde nitaimaliza na vijana wa Bahati wiki hii. Hilo niachie mimi.

Na kama pesa unaihitaji kweli, kuna njia. Imesongamana mno pale katikati. Tuipunguze, tutoe ile myembamba na iliyopinda, tuuze kama mirunda kwa wajenzi hapa Mafinga. Inayobaki itapata nafasi ya kunenepa. Haitafika milioni, lakini itatosha kukata hiyo fimbo, mpini mpya, utepe wa risasi na nauli yako ya kuja huku kupiga pati na mimi siku mbili tatu. Hiyo kazi naweza kuianza hata kesho, nikipata neno lako. Nilimweleza Bahati, akacheka, akasema ukikata kona nzima basi ujenge kabisa na banda la kulaza hiyo pata. Usimkasirikie, anakupenda.

Jaribu hiyo ya kukata na uzi mpaka Septemba. Ikifika hapo bado zinakataa, niandikie, tutatafuta pata nyingine pamoja, labda ile ya kichwa kipana isiyogeuka hovyo, hata iliyokwisha kutumika. Wapo watu Dar wanaobadilisha fimbo kila msimu. Lakini kwa hiyo Newport na kwa misindano ya Neema, jibu langu ni hapana, na nalisema nikiwa nimekaa nalo.

Sasa nijibu haya, tafadhali usiyaruke. Hiyo pata yako ya sasa ina inchi ngapi? Ile pati ya kwanza pale Lugalo ilisimama wapi? Shemeji umeshamwambia anunue, au bado? Kama umeshamwambia, anaweza kuahirisha bila kukasirika? Mama Neema anajua habari ya kona kuuzwa? Na yule kijana aliyekuwa anakufundisha Jumamosi bado yupo, au ameshahamia Arusha kama alivyokuwa anasema? Tuipunguze miti mwezi huu au tusubiri uje uonyeshe mwenyewe ipi itoke?

Nipe jibu kabla ya tarehe 20, vijana wa Bahati watakuwa na nafasi wiki hiyo.

Wako,
Atanasi

Mzee Chesko anaomba dawa ile ya kuchua, ya chupa ya kijani. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi.