Mkishapiga picha ya upandikizaji figo, rudini na mwaka wa pili

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua mana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa. Kila hospitali zetu zikipandikiza figo nyie mnaandika, na mimi sina neno, mana kabla Muhimbili hawajaanza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata 2018 kwa wengi ilikuwa ni India, na India sio nauli ya daladala. Ila picha ni ile ile kila siku, mgonjwa kakaa kitandani anatabasamu, ndugu aliyemtolea figo yuko pembeni, madaktari wamesimama nyuma, chini mmeandika anaendelea vizuri. Basi, imeisha hiyo. Msomaji anakunja gazeti anajua yule kapona.

Mimi nilipandikizwa miaka minne iliyopita, figo kanipa dada yangu wa tumbo moja. Ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kabla ya hapo nilikuwa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine, kwa hiyo siku nilipokojoa mkojo wa kueleweka nililia kama mtoto na nesi akacheka. Sijuti kupandikizwa, hata leo mkiniambia nirudi kwenye mashine sitaki kusikia.

Shida ni kwamba watu wanadhani figo ni kama spea, ukishafunga gari linatembea. Mtaani wananiuliza zile mbovu walizitupa wapi, nawaambia bado ninazo, sasa hivi nina tatu, mpya iko huku chini karibu na nyonga, wanacheka wanajua natania. Kumbe hiyo mpya mwili unaijua kuwa ni mgeni siku zote, ndo mana nameza dawa za kushusha kinga saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na moja yao, takrolimasi, inanitetemesha mikono. Fundi cherehani anayetetemeka mikono! Uzi kwenye sindano ananitungia kijana wangu wa kazi, mteja akiwepo najifanya natafuta mkasi.

Mwezi wa tisa ndo nilipata pigo la kwanza. Mgongo uliniuma, si unajua kazi ya kuinama kutwa, nikapita duka la dawa nikapewa diklofenaki, nikameza siku tano na mgongo ukatulia kabisa, ila miguu ikaanza kuvimba, kwenda kliniki kriatinini (taka ya kwenye damu wanayopima kujua figo inachuja vipi, ikipanda ujue figo inalegea) imetoka 112 imefika 205. Daktari akaniuliza umekula nini, nikamtajia, akavua miwani akakaa kimya. Hizo dawa za maumivu zinabana damu inayoenda kwenye figo, mwenye figo mbili nzima anaweza asione kitu, mimi naonja. Namba ilishuka lakini haikurudi kule ilikokuwa. Muuzaji simlaumu sana, hakuniuliza na mimi sikusema, nani anaenda dukani kununua dawa ya mgongo anaanza kuhadithia figo.

La pili nililitafuta mwenyewe. Msiba wa mjomba, kijijini, nikabeba dawa za siku mbili tukakaa siku tano, na nikajiambia aah siku tatu tu, mbona najisikia fiti. Hapo ndo pabaya, figo ikianza kukataliwa haipigi kelele, unaweza usisikie maumivu yoyote ile. Nilirudi, kliniki wakachukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano wakapima, mwili umeshaanza vita. Wakanilaza, dripu za steroidi, dawa kali za kutuliza kinga, siku tatu mfululizo, figo ikapona ila sukari ikapanda na mpaka leo najichoma insulini, uso ukawa mviringo wateja wakawa wananisifia eti nimenawiri.

Sasa niwaambie kilichoniuma kuliko sindano zote. Dada sikumwambia. Wiki nzima niko wodini nampigia simu namwambia niko dukani kazi nyingi, mana nitamwambiaje, mtu kapasuliwa, kaacha watoto nyumbani, mumewe alikuwa hataki, alafu mimi nimeichezea kwa siku tatu za msibani. Wifi zangu ndo walimtonya. Akaja na basi la asubuhi, hakunisalimia hata, akakaa kwenye kiti akamenya ndizi akanipa nusu, akasema, "Mdogo wangu, ile figo nilikupa, sikukuazima. Ikifa imekufa ikiwa yako. Ila ukinificha tena tutagombana." Tangu siku hiyo majibu yangu ya kliniki yeye ndo wa kwanza kuyajua, namtumia kwa simu kabla hata sijatoka getini.

Mambo ya namna hii hospitalini mtu hakuambii, wanakufundisha dawa, usinywe hiki usile kile (juisi ya balungi kwa mfano inapandisha takrolimasi kwenye damu, na jirani yangu kila Jumapili ananiletea jagi eti inasafisha figo, namwagia migomba), lakini ile aibu ya kuichezea zawadi ya mtu nilidhani niko peke yangu. Mpaka siku moja kwenye benchi la kliniki, mama mmoja kanisogelea kaniambia yeye miezi minne kamficha hali yake mwanae aliyemtolea figo. Tukaanza kucheka, nesi akatuambia tupunguze sauti.

Kwa hiyo Mhariri, waandishi wako wakienda tena kupiga ile picha, wachukue na namba ya simu ya mgonjwa. Wampigie mwaka mmoja baadae, miwili, wamuulize dawa anapata wapi, mikono inatetemeka au la, kalala wodini mara ngapi, na yule ndugu wa pembeni wanaongea vipi siku hizi. Waandike hata kama kriatinini imepanda. Wakikosa wa kuanzia niko hapa Morogoro, siku yoyote isipokuwa Jumanne, Jumanne niko kliniki.

Fundi wa figo tatu
Morogoro